Je, wachezaji wa michezo ya mtandaoni wanajua wanachokitaka?

#1 Mpanga Kete

Assalaam alaykum wana ukumbi. Kuna jambo tunalolibishania barzani kwetu Michenzani bila ya kufika mwisho, na leo nalileta hapa. Nadai kwamba wachezaji wa michezo ya kuigiza wahusika mtandaoni, ile inayokusanya maelfu ya watu katika ulimwengu mmoja, hawajui wanachokitaka, na mtengenezaji anayewafuata katika kila wanalolilalamikia huishia kuwapoteza.

Tazameni World of Warcraft. Mchezo ulipotoka Novemba 2004, mtu aliyetaka kuingia pangoni na wenzake wanne ilimbidi asimame mjini, atangaze safari, atafute anayeweza kuponya majeruhi na anayeweza kuhimili mapigo, kisha kikundi kifunge safari hadi mlangoni. Watu wakalia kwamba muda wao unapotea. Desemba 2009 kikaletwa chombo kinachowaokota watu watano kutoka seva mbalimbali, yaani kompyuta kuu zinazouendesha mchezo, na kuwaweka moja kwa moja ndani ya pango. Kilio hicho kikaisha na kikaanza chengine, kwamba hakuna tena anayemjua mwenziwe, na watu wanamaliza pango zima bila ya kuamkiana. Mwaka 2013 mchezaji mmoja aliuliza hadharani kama kampuni itafungua seva za mchezo wa zamani, na J. Allen Brack, mmoja wa wasimamizi wa mchezo huo, akamjibu kwamba wanadhani wanazitaka, lakini hawazitaki. Agosti 2019 kampuni hiyo hiyo ikazifungua, na watu wakapanga foleni ndefu za kuingia. Waliodai ugumu uondolewe ndio hao hao waliodai urudishwe. Nangoja hoja zenu.

#2 Bint Mkunazini

Wa alaykum salaam. Mfano wako unakupinga mwenyewe, yakhe. Aliyesema wachezaji hawajui wanachokitaka alikuwa mtengenezaji, na foleni za 2019 zilionesha kwamba walijua. Zaidi ya hayo, umesema "ndio hao hao" bila ya kutuonesha kwamba ni watu wale wale. Katika umma wa mamilioni, mmoja hulia njaa na mwengine hulia shibe, na anayewasikiliza kwa mbali husikia sauti moja inayojipinga.

#3 Maalim wa Konde

Hapo ndipo penyewe. Michezo hii ilianza kabla ya kuwa na picha. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle waliandika mchezo wa maandishi matupu ambamo watu kadhaa waliweza kukutana kwa wakati mmoja. Mwaka 1996 Bartle alichapisha makala iliyowagawa wachezaji mafungu manne: wanaotafuta vyeo na mafanikio, wanaotafuta kuijua kila pembe na kila kanuni, wanaotafuta mazungumzo na usuhuba, na wanaotafuta kuwatia adha wenzao. Wengi huikumbuka orodha hiyo na kuisahau sehemu yenye uzito zaidi, ambayo ni namna mafungu hayo yanavyosukumana. Hao wa mwisho, ambao Bartle aliwaita wauaji, wakizidi, wapenda mazungumzo hukimbia, na wapenda mazungumzo wakipungua, huwavuta wenzao nao waondoke, hata ulimwengu ukabaki mtupu.

Nawaona vijana wangu wa skuli baada ya masomo. Mmoja hupanda mlima ndani ya mchezo kwa ajili tu ya kuona kilicho upande wa pili, na akikuta ukuta usioonekana hukasirika kwelikweli. Mwenziwe aliyekaa ubavuni mwake hajui hata jina la mlima huo, kwa sababu macho yake hayaondoki kwenye mstari wa alama za uzoefu chini ya skrini. Ukifupisha njia ya kufika kileleni, wa pili atakushukuru na wa kwanza utakuwa umemnyang'anya mchezo wake. Ndiyo maana siwezi kukubali neno "wachezaji" litumike kama jina la mtu mmoja.

#4 Karafuu ya Wete

Maalim, hata humu ukumbini umekuja na chaki yako, na sisi wanafunzi tunashukuru. Niongezee mfano unaowafaa nyote wawili. Ultima Online ulitoka Septemba 1997, na watengenezaji wake waliamini kwamba ukiwapa watu uhuru kamili, jamii itajitungia utaratibu wake. Walifika hadi kubuni msitu wenye maisha yake, ambamo wanyama wala majani huliwa na wanyama wala nyama, na wawindwa wakipungua, wawindaji wao hutoka msituni kutafuta chakula. Wachezaji walipoingia wakaua kila kilichotembea, na utaratibu ule wote ukaondolewa.

Walipomaliza wanyama wakageukiana wenyewe. Mgeni alikuwa hatoki nje ya mji ila huuawa na kuvuliwa kila alichonacho. Mwaka 1999 kampuni ikaugawa ulimwengu mara mbili: nchi ya zamani, ambamo mtu huweza kukuua, na nchi mpya inayofanana nayo, ambamo hawezi bila ya ridhaa yako. Wachezaji wengi walihamia ile ya amani. Hata hivyo, mpaka leo wako wanaosema kwamba siku ile mchezo ulikufa.

#5 Baharia wa Mkoani

Mgawanyo ule ulikuja mwaka 2000, si 1999. Na mchezo haukufa, kwani idadi ya waliolipia iliendelea kupanda hadi kufikia takriban 250,000 mwaka 2003. Wanaosema ulikufa wanamaanisha kwamba ulikufa mchezo *wao*, na hilo nalikubali. Mbwa mwitu aliyebaki katika nchi isiyo na kondoo ana haki ya kusikitika, lakini hana haki ya kurudishiwa kondoo.

#6 Karafuu ya Wete

Ahsante kwa mwaka, Baharia. Lakini kondoo pia walipoteza kitu. Njia iliyokuwa na hatari ilikuwa na walinzi, na watu walisafiri kwa misafara na kutiana moyo. Hatari ilipoondoka, sababu ya watu kuandamana ikaondoka nayo.

#7 Fundi wa Fuoni

Mnazungumza kama kwamba sote tunacheza kutoka Ulaya. Mimi natengeneza kompyuta na simu, na ninayoyasikia kwa wateja ni mengine kabisa. Matarajio ya mchezaji wa hapa yanaanzia kwenye umeme na mtandao.

Desemba ile ya 2009 aliyoitaja Mpanga Kete, Zanzibar nzima ilikuwa gizani, kwa sababu waya wa baharini unaoleta umeme kutoka bara uliharibika, na umeme haukurudi hadi Machi 2010. Huo ni mfano mkubwa, lakini hata leo umeme hukatika kwa dakika chache, na dakika chache zinatosha. Chukueni zile seva za World of Warcraft zilizofunguliwa Agosti 2023, ambamo mhusika akifa mara moja amekufa moja kwa moja. Ukikatikiwa na umeme katikati ya mapigano, mhusika wako hubaki amesimama kwa muda mbele ya adui huku wewe unatafuta tochi. Kanuni za seva hizo zilisema kwamba kufa kwa sababu ya kukatika mtandao ni kufa kama kufa kwengine. Anayesifu ugumu huo anasifu ugumu uliopimwa kwa mtu mwenye umeme usiokatika.

Linganisheni na RuneScape, mchezo mwengine wa aina hii. Seva yake hupokea vitendo kwa mapigo ya sekunde 0.6, kila kitu kinasubiri pigo linalofuata. Mawimbi ya mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo njia ya kilomita 10,000 kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 100, hata mtandao uwe mzuri namna gani. Katika mchezo unaodai wepesi wa kidole, sisi tumeshapigwa kabla ya kuona ngumi. Katika mchezo wenye mapigo ya sekunde 0.6, mchezaji wa Fuoni na wa London wanakaribiana sana. Mtengenezaji alipochagua mwendo ule hakuwa anatufikiria sisi, lakini ametufaa kuliko waliozungumza sana kuhusu usawa.

#8 Karafuu ya Wete

Fundi, sema Unguja, usiseme Zanzibar nzima. Sisi Pemba wakati huo tulikuwa tunategemea majenereta, na waya wetu wa baharini kutoka Tanga ulikuja mwaka 2010. Mnapokuwa gizani nyinyi, mnahesabu kwamba jua limezimika kila pahala.

#9 Baharia wa Mkoani

Kuhusu seva za kifo kimoja, kanuni ile haikubaki kama ilivyoandikwa. Machi 2025, baada ya mashambulizi ya makusudi kuziangusha seva na kuwaua wahusika wa watu wengi, kampuni ilitangaza kwamba itawafufua waliokufa kwa sababu hiyo. Lipo la kujiuliza hapo: waliokufa walikuwa wakitazamwa na maelfu ya watu, na mchezaji wa Jang'ombe aliyekatikiwa na umeme hakuna aliyemuona.

#10 Mpanga Kete

Nimewasoma wote. Maalim na Bint Mkunazini wanasema wachezaji si mtu mmoja, na hilo silibishi. Lakini mimi nawajua watu ambao ni mtu mmoja mmoja na bado wanajipinga, na kisa cha World of Warcraft kabla haujatoka kinawaonesha. Katika majaribio, watengenezaji waliweka kanuni kwamba mtu akicheza kwa muda mrefu mfululizo, alama za uzoefu anazopata hushuka hadi nusu, ili apumzike. Watu wakachukia sana. Watengenezaji wakaigeuza lugha tu: kiwango kamili wakakiita asilimia 200, ziada ya aliyepumzika, na ile nusu wakaiita asilimia 100 ya kawaida. Hesabu ilibaki ile ile na malalamiko yakageuka kuwa shukrani. Basi nielezeni, mtu anayekataa nusu na kuikubali nusu hiyo hiyo ikibadilishwa jina, anajua anachokitaka?

#11 Bint Mkunazini

Anajua vizuri sana. Anataka asiadhibiwe kwa kucheza. Mwenye duka anayenipunguzia bei na mwenye duka anayenitoza faini wanaweza kuishia kwenye shilingi ile ile, na bado mmoja kanikirimu na mwengine kanitukana. Mchezo ni uhusiano baina ya aliyetunga na anayecheza, na namna unavyosemeshwa ni sehemu ya unachopewa.

Na kwa kuwa tumefika kwenye shilingi, nashangaa mpaka sasa hakuna aliyegusa pesa. Siku hizi ugumu mwingi katika michezo hii umewekwa ili tuulipie kuuondoa. Silaha inapatikana kwa bahati ndogo sana, kisha pembeni kuna sanduku la bahati linalouzwa, hulijui lililomo mpaka ulifungue. Mdogo wangu aliniomba nimtumie pesa kwa simu ili anunue masanduku hayo, nikamuuliza atapata nini, akanijibu kwa utulivu kabisa: "Inategemea, dada." Kulipa pesa kwa kitu kisichojulikana ukitaraji kikubwa na ukiogopa kidogo, sisi tumelelewa tukijua hukumu yake, na hatukungoja Ubelgiji, ambao tume yao ya michezo ya bahati ilitamka Aprili 2018 kwamba masanduku ya kulipia katika baadhi ya michezo yanavunja sheria yao ya kamari. Katika mazingira hayo, malalamiko ya mchezaji kuhusu ugumu hayapimiki tena, kwa sababu hajui kama anapambana na mtihani au na mlango wa duka.

#12 Maalim wa Konde

Dada umesema kweli tupu kuhusu masanduku, na wazazi wangelisoma hili. Ila ugumu wa kusubiri ulikuwapo kabla ya masanduku. EverQuest, uliotoka Machi 1999, ulikuwa wa kulipia kwa mwezi, na ukifa ulipoteza sehemu ya uzoefu wako na vitu vyako vikabaki kwenye maiti pale ulipofia, ikakulazimu urudi ukiwa huna kitu kuvichukua. Hakukuwa na duka pembeni la kukuokoa.

#13 Fundi wa Fuoni

Lakini anayelipa kwa mwezi, Maalim, kila wiki anayorudi kutafuta maiti yake ni sehemu ya ada ya mwezi unaofuata. Pesa ilikuwapo, imejificha tu.

#14 Mzee wa Barza

Vijana, mimi sichezi tena, lakini nilicheza Star Wars Galaxies nikiwa masomoni ughaibuni, na sijaona aliyeigusa sababu iliyoniondoa mimi. Mchezo ule ulitoka Juni 2003 ukiwa na fani zaidi ya 30. Mtu aliweza kuwa mpishi, mshonaji au mcheza ngoma, na wapiganaji walimhitaji, kwa sababu uchovu wao wa vita ulitulizwa kwa kuwatazama wachezaji ngoma katika ukumbi wa mji. Mimi nilikuwa mhunzi wa silaha. Nilitafuta madini yenye sifa nzuri, na kila madini yalikuwa na alama zake za ugumu na upitishaji wa umeme, na chimbuko likiisha halirudi tena namna ile ile. Wateja walinijua kwa jina na walirudi kwa sababu bunduki yangu ilikuwa haifanani na ya mwengine.

Novemba 2005 kampuni ikabadilisha kila kitu kwa pigo moja. Fani zile zikafutwa zikabaki 9, na mapigano yakawa ya kulenga na kufyatua. Baya zaidi, nyongeza ya mchezo ilikuwa imeuzwa siku chache tu kabla ya mabadiliko kutangazwa, kwa watu walionunua wakidhani wananunua mchezo wanaoujua, hata ikabidi warudishiwe pesa. Mchezo ulifungwa Desemba 2011. Hapa kwetu, mkicheza bao na mkafika katikati, hakuna awezaye kuja kusema kwamba kuanzia sasa kete zinakwenda upande mmoja tu. Ugumu niliuweza. Kilichonishinda ni kwamba nilikubaliana na kanuni, nikatumia umri wangu ndani yake, kisha kanuni zikaondoka na umri wangu ukabaki pale.

#15 Baharia wa Mkoani

Shikamoo mzee. Nimekusoma mara mbili. Swali langu ni kwamba, kwa kipimo chako, mtengenezaji asibadilishe chochote? Final Fantasy XIV ulipotoka Septemba 2010 ulikuwa mbovu kiasi kwamba Desemba mwaka ule Naoki Yoshida alikabidhiwa kazi ya kuunusuru. Novemba 2012 seva zikazimwa, na katika hadithi ulimwengu ule ukaangamizwa, kisha Agosti 2013 ukatolewa mchezo mwengine kwa jina lile lile. Yalikuwa mabadiliko makubwa kuliko yale yako, na watu wakashukuru.

#16 Mzee wa Barza

Marahaba, mwanangu. Wale waliambiwa mapema, wakaachwa waendelee kucheza huku wakijua mwisho unakuja, na mabadiliko yakafanywa sehemu ya hadithi yao. Sisi tulikuta tumeamka tu.

#17 Karafuu ya Wete

Kwa hiyo dawa ni kuwauliza wachezaji? RuneScape wamejaribu. Kati ya Desemba 2007 na Januari 2008, ili kuwazuia wanaouza dhahabu ya mchezo kwa pesa za kweli, waliondoa biashara huru na mapigano ya wachezaji wenyewe kwa wenyewe porini. Kelele zikawa kubwa. Zikapigwa kura zaidi ya milioni moja, na mwanzoni mwa 2011 vyote viwili vikarudishwa. Februari 2013 wakafungua upya mchezo kama ulivyokuwa Agosti 2007, na humo kila jambo jipya hupigiwa kura, mwanzoni likihitaji asilimia 75 na baadaye 70. Mchezo huo wa zamani uko hai mpaka leo.

#18 Mpanga Kete

Uko hai, lakini tazama kinachokataliwa. Mpiga kura aliyeteseka muda mrefu kupata ustadi fulani hawezi kukubali kwamba anayekuja leo aupate kwa wepesi. Kura inalinda jasho la aliyetangulia. Mgeni hana kura, kwa sababu bado hajafika. Mnanipinga kwamba wachezaji wanajua wanachokitaka, nami nakubali nusu: wanajua kuhusu jana yao.

#19 Bint Mkunazini

Wapo waliochagua njia nyengine. EVE Online, mchezo wa Aisilandi uliotoka Mei 2003, una baraza la wachezaji tangu 2008. Mwaka 2011, kampuni ilipoleta duka lenye miwani ya jicho moja ya mhusika kwa bei ya zaidi ya dola 60, wachezaji walikusanyika kuipiga risasi sanamu katika kituo kikuu cha biashara, na baraza likaitwa Aisilandi kwa kikao cha dharura. Wawakilishi huweza kuelezwa sababu kwa kina, jambo ambalo mamilioni ya wapiga kura hawawezi. Mgeni naye huweza kuwekewa mtu wa kumsemea.

#20 Fundi wa Fuoni

Na nani atatusemea sisi wa simu? Vijana wengi wanaokuja kwangu wanacheza Albion Online, kwa sababu tangu Juni 2021 uko kwenye simu na hauhitaji kompyuta ya gharama. Ni mchezo ambao katika maeneo mekundu na meusi ukiuawa unavuliwa kila ulichobeba, yaani ile ile nchi ya hatari aliyoisimulia Karafuu. Wanaupenda. Wanaingia wakiwa wamevaa vitu rahisi ambavyo hawaoni uchungu kuvipoteza, wanaweka vizuri vyao benki, na bando likikaribia kuisha hawatoki nje ya mji. Mmoja alinieleza kwamba huangalia salio la bando kabla ya kuangalia silaha yake. Seva ya Ulaya ilipofunguliwa Aprili 2024 wakaanza upya kutoka sifuri, wakaacha mali yao ya zamani katika seva ya Marekani, kwa ajili ya milisekunde tu.

#21 Karafuu ya Wete

Kwa hiyo ugumu hawaukatai, Fundi. Wanaukata vipande vinavyowatosha wenyewe. Basi Mpanga Kete atueleze: vijana hao walioacha kila kitu na kuanza sifuri, kwa sababu ambayo hakuna mtengenezaji aliyewatangazia, nao hawajui wanachokitaka?

#22 Mpanga Kete

Wanajua, na hawakumuomba mtu. Walitazama, wakahama. Ndiyo maana nasema mtengenezaji atazame wachezaji wanavyotembea kuliko kusoma wanayoyaandika.

#23 Maalim wa Konde

Na aliyeondoka kabisa, kama Mzee wa Barza, atamtazama akitembea wapi? Kampuni ingeona akaunti iliyofungwa tu. Sababu ya mhunzi yule tumeijua leo kwa kuwa ameiandika.